Ukungu Niliokuwa Nikiufuta

Tarehe tisa mwezi wa tano tulimzika Mama Georgette kwao Kapolowe. Kwa miaka kumi na mbili meza yake ilikuwa kando ya yangu katika chumba cha picha za anga, hapa Likasi. Kwenye daftari lake nilikuta namba ya picha moja, na maneno: "Hii haiko vumbi." Ilibaki wiki moja nistaafu.

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa idara aliniambia: "Papa, kazi yako iko kusafisha. Ukiona doa, futa." Picha zilitoka kwenye darubini ya nchi ya mbali, zikatufikia kwa intaneti. Vumbi likikaa ndani ya darubini huacha doa kwenye picha, nasi tulilifuta kwa kompyuta. Nilikuwa mwepesi. Mama Georgette alifanya polepole, na alinitania: "Weye unafagia mbingu kama lupango, kama ua wa nyumba!"

Vijana mnaofanya kazi hii sasa, mjue kwamba kuna galaksi ambazo nyota zake zimetawanyika mno, hata mwanga wake unazidiwa na anga yenyewe. Kwenye picha huonekana kama ukungu, kama alama ya kidole chenye mafuta. Nilifungua picha yenye namba ile ya daftari, kama ilivyokuwa kabla ya kusafishwa: ukungu ulikuwepo. Baada ya kusafishwa: haupo. Aliyesafisha ni mimi.

Nilitafuta picha nyingine ya sehemu ileile, iliyopigwa baada ya darubini kusogezwa kidogo. Vumbi hubaki palepale kwenye picha. Ukungu ule ulikuwa umehama pamoja na nyota. Nikaenda kwa mkuu.

"Chef, minye nilifuta galaksi."

"Moja?"

"Ile ya Mama Georgette ni moja. Zingine sijui. Nimefuta miaka yote."

"Papa, Ijumaa unaenda pensheni. Tuandike yake, zingine tuache. Nani atajua?"

"Minye najua."

Aliiandika galaksi ile kwenye orodha ya galaksi ya maprofesa wenye darubini, kwa jina la Mama Georgette. Mimi nikaanza kurudia picha zangu zote, tangu ya kwanza. Ijumaa waliniaga kwa keki na soda. Nilikuwa nimefika kwenye picha za mwaka wangu wa pili.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni. Mlinzi akacheka.

"Papa, si ulimaliza kazi?"

"Bado."

Akanifungulia.