Dereva wa Ransdell na Ligi Iliyohama

Orrin Tveit aliendesha basi la Chuo cha Ransdell kwa miaka ishirini na mbili, na timu haikuchelewa mechi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wasichana wa mpira wa kikapu kote Dakota na Montana, kwenye theluji na upepo unaosukuma basi ubavuni. Ukimtajia chuo chochote cha ligi ile, angekwambia ni wapi dereva hupewa supu ya bure na ni wapi maegesho hayaishi barafu mpaka mwezi wa nne. Nani alimfunga nani, hapo usimuulize. Alichokijali kilikuwa ndani ya daftari lake jeusi: tarehe, muda wa safari, hali ya hewa, basi.

Isipokuwa safari ya Pruett. Ile ya kila Januari, Jumamosi ya tatu, ilikuwa na neno moja zaidi mwishoni: “Alikuja.”

Aliyekuja ni Maren, binti yake wa pekee. Miaka tisa iliyopita, mama yake Maren alipofariki, Orrin aliuza shamba la ukoo wa mkewe bila kumwambia binti. Alidhani anampunguzia mzigo. Maren alipopata habari hakupiga kelele wala hakumtukana baba yake. Alisema, “Sawa, Baba,” akarudi kwake Pruett, na simu zikakoma. Hivyo ndivyo sisi huku tunavyogombana, na kusema kweli ni heri kurushiana sahani.

Januari iliyofuata Orrin akaegesha basi nje ya ukumbi wa Pruett, na nani yuko kwenye dirisha la tiketi? Maren. Wakati wa mapumziko alitoka na pai ya tufaha kwenye boksi, wakasimama kando ya basi dakika ishirini wakizungumzia barabara na baridi. Shamba halikutajwa. Mwaka wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Dakika ishirini kwa mwaka, naye Orrin aliziishi miezi kumi na miwili. Kwenda Pruett siku nyingine, bila timu, hakukuwahi kumwingia akilini. Angesema amefuata nini?

Basi majira ya kuchipua mwaka jana, Denise Kuchera, mkuu wa michezo wa chuo, akamwita ofisini.

“Mzee Orrin, tunafikiria kuhama ligi. Nataka uje kwenye kikao, na madaftari yako yote uje nayo. Hakuna mwingine anayezijua hizi barabara.”

“Kuhama kwenda wapi, bosi?”

“Mashariki, Minnesota. Na daraja tunabadilisha. Tunatoka la pili, tunaingia la tatu.”

“Tunashuka?”

“Hatushuki.”

“Kutoka la pili kwenda la tatu si ndiyo kushuka?”

“Si kushuka, ni kuchagua daraja linalotufaa! La pili unamlipia mtu karo ili akuchezee. La tatu anacheza kwa mapenzi yake.”

“Kumbe tunapanda.”

Denise akashika kichwa. “Wala hatupandi, Mzee. Njoo tu kwenye kikao.”

Kwenye kikao ndiko Orrin alikochanganyikiwa kabisa. Kulikuwa na mshauri aliyeletwa kutoka mjini, na ramani yake ilikuwa imejaa mishale ya rangi nne. Ligi ya zamani ilikuwa inavunjika. Chuo kimoja kimekwenda kusini, kingine kimerudi kilikotoka. Ligi mpya iliitwa ya Mito Minane, nayo ilikuwa na vyuo kumi na kimoja.

“Hiyo mito mitatu imetokea wapi?” Orrin akauliza.

Watu wakacheka, mshauri akaendelea na mishale yake. Orrin hakuwa ameuliza kwa mzaha. Alichokuwa anakitafuta kwenye ile ramani ni Pruett, na Pruett haikuwa na mshale hata mmoja.

Hatimaye mshauri akasema shida kubwa ya ligi ya zamani ni umbali, wasichana wanasinzia darasani. Akamgeukia Orrin. “Kwa mfano, Pruett ni mwendo wa muda gani?”

Orrin alikuwa mtu mkweli. Alikuwa na miaka sitini na sita na hakukumbuka lini mara ya mwisho alidanganya. “Saa tano,” akasema. “Barabara ikiwa nzuri, hata nne.”

Denise alikuwa ameshafungua daftari. “Mzee, hapa umeandika saa saba na nusu. Mwaka juzi saa nane. Huu mwaka mwingine saa tisa, dhoruba.” Akapindua kurasa. “Halafu hili neno ni nini? ‘Alikuja.’ Kila safari ya Pruett, ‘Alikuja.’ Nani huyo?”

Watu saba wakamtazama.

“Trafiki,” akasema.

“Trafiki? Kila mwaka?”

“Basi huyo trafiki anakupenda,” kocha akadakia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Orrin naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. Denise peke yake hakucheka. Alimtazama, akafunga daftari taratibu, akamrudishia.

Wakapiga kura, wakahama. Wangefanyaje, na daftari lilikuwa limeshasema?

Msimu mpya ukaanza na keki yenye rangi za ligi mpya. Safari ndefu kuliko zote ilikuwa ya saa tatu. Wasichana walirudi kulala vitandani mwao, kocha akaanza kutabasamu, na Orrin alikula chakula cha jioni nyumbani kwake kila siku ya mechi. Alijiuliza mbona hana furaha. Kila mtu alimpa mkono wa pongezi, naye akaitikia asante, asante, bila kujua anapongezwa kwa lipi. Alimuuliza tena Denise kama walishuka au walipanda, akaeleweshwa upya kwa mchoro, akatoka haelewi vilevile. Aliumia, huo ndio ukweli, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba mtu mzima anaweza kuumwa na ratiba.

Jumamosi ya tatu ya Januari haikuwa na mechi. Orrin aliamka saa kumi alfajiri kama ilivyokuwa desturi ya siku ya Pruett, akajaza chupa ya kahawa, akaingia kwenye pikapu yake. Alijiambia anakwenda tu kupasha injini moto. Alipofika barabara kuu akakata kushoto, magharibi.

Njia nzima alitafuta sababu. Atasema timu ilisahau mipira. Mwaka mzima? Atasema anaangalia hali ya barabara kwa niaba ya chuo. Barabara ambayo chuo hakiitumii tena? Kila sababu aliyoipata ilimfia mkononi kabla ya mji uliofuata. Mara mbili aliingia kituo cha mafuta ili ageuze gari, na mara zote mbili alitoka akielekea kulekule.

Saa nane mchana akaegesha nje ya ukumbi wa Pruett, pale pale pa basi. Ndani walikuwa wakicheza na chuo ambacho hakukijua. Akaenda kwenye dirisha la tiketi.

Alikuwepo mama mmoja wa makamo, miwani puani.

“Namtafuta Maren,” Orrin akasema. “Anayeuza tiketi hapa.”

“Maren wa duka la dawa? Yule hauzi tiketi, baba. Dirisha hili ni langu, mwaka wa kumi na tano sasa.”

“Nimemwona hapa kwa macho yangu. Miaka minane.”

“Aa, hiyo ni siku moja tu! Wakija Ransdell, hunililia nimwachie zamu. Pai nimekula mpaka nimechoka.” Akacheka. “Mwaka huu alianza kuniomba tangu Oktoba. Nikamwambia hawaji, wamehama ligi. Akataka kujua kwa nini, wameshuka au wamepanda. Nikashindwa kumweleza.”

“Hata mimi,” Orrin akasema.

Yule mama akavua miwani, akamtazama vizuri zaidi. Kisha, bila kuulizwa, akanyoosha kidole: mtaa wa pili nyuma ya kanisa, nyumba ya njano. Miaka yote hiyo Orrin hakuwahi kuiona.

Alibisha. Maren akafungua, mikono ina unga hadi kwenye viwiko.

“Baba! Nani amekufa?”

“Hajafa mtu.”

“Basi limepata ajali?”

“Sikuja na basi.”

Maren akachungulia barabarani, akaiona pikapu peke yake kwenye theluji. “Timu iko wapi?”

“Hakuna timu, mwanangu. Hakuna mechi.”

“Sasa... umekuja kufanya nini?”

Mipira iliyosahaulika, hali ya barabara, kupasha injini moto, vyote vilikuwa vimekwisha. Orrin alisimama pale kizingitini, mikono haijui ikae wapi.

“Sikupaswa kuliuza lile shamba bila kukwambia,” akasema. “Nimekuja.”

Maren alijifuta machoni kwa kiganja, unga ukambaki shavuni. Akasogea kando ya mlango.

“Ingia basi, Baba,” akasema. “Unaniingizia baridi.”