Mwaka Kabula Alipohama na Ng'ombe

Sisi tuliokulia vijijini kuzunguka Bariadi, kabla nguzo za umeme hazijapita mbele ya nyumba zetu, hatukuwahi kuambiwa tutoke nje tukacheze. Nje ndiko tulikoishi. Ndani tuliingia kulala, au ikinyesha mvua ya mawe.

Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Wenzake walipomuuliza kwa nini anampa binti fimbo ya kuchungia, alijibu kwamba ndama hawaangalii nani kavaa gauni. Basi kila nikitoka shule nilikula kiporo cha ugali wa mtama kwa mlenda, nikafungulia ndama na mbuzi, nikashika njia ya mtoni. Njiani nilimkuta Kabula, binti wa jirani yetu, naye na ndama wao. Kaka zake walichunga ng'ombe wakubwa huko mbali, yeye akaachiwa wadogo kama mimi. Tulikuwa rika moja, ila Kabula ndiye aliyekuwa na maneno. Mimi kazi yangu ilikuwa kucheka.

Mto wetu ni wa mchanga. Kiangazi ukiuona utasema umekufa, lakini tulifukua kwa mikono mpaka mchanga ukatufika kwapani, na maji yakaanza kuchipuka polepole, ya baridi, yenye ladha ya chuma. Tulisubiri yatulie, tukalala kifudifudi tukanywa, kisha tukawanywesha ndama. Mvua zikirudi, tulivua kambale kwenye madimbwi kwa tenga bovu na kuwachoma kwa moto wa samadi kavu. Chumvi hatukuwa nayo. Mpaka leo sijala samaki mtamu kama wale.

Mtama ukianza kukomaa tulipewa kazi ya kufukuza ndege kwa kombeo. Ndege hawakutuogopa sana, ila kelele tulipiga. Na kulikuwa na jiwe kubwa lenye mgongo laini, tulipanda juu yake, tukakalia matawi mabichi na kuteleza mpaka chini. Gauni langu lilitoboka nyuma, mama akalitia kiraka cha gunia la pamba, nikawa naenda shule na maandishi ya gunia makalioni. Kabula aliyasoma kwa sauti darasa zima lisikie. Nilinuna mpaka mapumziko, kisha tukagawana michembe yangu, vile viazi vitamu vya kukaushwa, tukaendelea.

Halafu ukaja mwaka ambao mvua zilitukimbia. Mtama ulinyauka ukiwa magotini, na asubuhi moja kwao Kabula waliamka wakakuta ng'ombe watatu wamelala wasinyanyuke. Baba yake alikuwa na ndugu waliokwishahamia Katavi na mifugo yao, na habari zao zilikuwa za nyasi tu, nyasi zinazomfunika mtu. Akaamua kuwafuata.

Kabula aliniambia tukiwa tunacheza mdako. Alisema bila kuinua macho, akiendelea kurusha jiwe na kuchota vijiwe shimoni, kwamba wataondoka pamba ikishauzwa. Nikamwambia atakuja likizo. Akasema ng'ombe wakienda kule hawarudi, na wao wanafuata ng'ombe. Kisha akanisukumia jiwe, akasema ni zamu yangu.

Siku yenyewe wanaume walitangulia alfajiri na mifugo. Kina mama, watoto na kuku walipakiwa kwenye lori juu ya magunia. Mama yangu alinipa furushi la michembe nimpelekee Kabula. Nililirusha akalidaka. Nilitegemea ataniambia jambo la kuchekesha, maana hilo ndilo lililokuwa jambo lake, lakini aliniangalia tu. Lori lilipowashwa, aliinama akaniuliza:

"Sasa Minza, utacheza na nani?"

Lori likaondoka, nikabaki nimesimama kwenye vumbi lake mpaka likatua lote.

Mtu hajui mchezo ni kitu cha watu wawili mpaka abaki mmoja. Kuteleza kwenye jiwe, ukifika chini hakuna wa kukucheka. Maji ya mchangani niliyafukua, nikanywa, nikanyamaza. Mdako niliucheza mwenyewe: mkono wa kulia ulikuwa wangu, wa kushoto ulikuwa wa Kabula, na mara nyingi niliuacha wa kushoto ushinde. Niliongea na ndama. Baba alisema nitazoea.

Ila jioni moja, palizi ikiendelea, mama alilaza jembe pembeni akaja kuketi chini mbele yangu, miguu ameinyoosha. Nilidhani ananituma.

"Nifundishe," akasema.

Nikamuuliza kama yeye hakucheza mdako utotoni. Akasema alianza kubeba wadogo zake mgongoni kabla hajajua kucheza, na alipowashusha, alikuwa mkubwa. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe. Jiwe lilimponyoka, likamgonga gotini, likabingirika kwa kuku. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu lori liondoke. Alikuja na kesho yake, na siku nyingine nyingi. Hakuwahi kunishinda.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafanya kazi mjini Lagangabilili. Mama hayupo tena. Wanangu wanacheza mpira kwa vidole gumba, wamekaa kwenye kochi, na wakifungwa goli wanahema kama waliokimbia. Niliwapeleka kijijini wakaone jiwe letu. Wa kwanza aliuliza kama juu kuna mtandao. Wa pili alipanda, akajipiga picha, akashuka kwa miguu, taratibu, asichafue suruali.

Kabula nilimpata mwaka jana kwa simu, kupitia kwa shemeji yake. Ana wajukuu. Tulisalimiana kwa Kisukuma, tukaulizana afya, ng'ombe, mvua. Kisha tukaishiwa maneno. Yule mwenye maneno alikaa kimya, nami sikuwa na cha kucheka. Akasema salio linakaribia kuisha. Nadhani lilikuwepo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kijijini peke yangu, nikakaa mtoni tangu mchana. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Enzi zetu, kosa letu kubwa lilikuwa kuchelewa kurudi. Mama alitoka uani akaita jina langu, akalivuta mpaka likafika mtoni, na nikijifanya sisikii aliongeza na jina la babu yangu, ishara kwamba amekasirika. Tulikimbia tukilalamika kwamba hatuachwi tucheze.

Jumapili hiyo jua lilizama nikiwa bado pale. Giza likaingia vizuri, mbu wakaanza. Nilikaa mpaka nikachoka mwenyewe, kisha nikanyanyuka, nikapangusa mchanga, nikaenda.