Kiti cha Mgeni na Mkono Wangu wa Kulia

Naitwa Mwanahawa. Ni mzaliwa wa Kwaluguru, Handeni, na mkazi wa Korogwe mjini tangu nilipoolewa. Nachora kwa kompyuta. Ugonjwa nitakaousimulia haukunilaza kitandani hata siku moja, na ndiyo maana watu wengi hawakuuhesabu kuwa ugonjwa. Uliuingia mkono wangu wa kulia polepole na ukakaribia kuuchukua. Nasimulia kwa ajili ya wale wanaoambiwa kila siku kwamba mtu aliyeketi haumwi.

Kabla ya kompyuta nilikuwa mchoraji wa hina na piko. Harusi za Kwaluguru zilinijua. Nilikaa juu ya mkeka, mguu wa bibi harusi pajani, nikachora kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Bibi harusi akitaka kunyoosha mguu, nami nilinyoosha mgongo. Akiletewa chai, nami nilikunywa. Sikuwahi kuumwa bega wala kidole.

Kisha nchi ikafunguka. Maduka ya watu binafsi yakaota kando ya barabara kuu, mitumba ikaja, na nyuma ya mitumba zikaja kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Mume wangu, Hamisi, alikuwa fundi redio. Aliifufua moja iliyokufa, yenye kioo kizito na kisogo kikubwa. Baadaye ndugu yake wa Dar es Salaam akatuletea kibao cha kuchorea. Ni ubapa wa plastiki na kalamu isiyo na wino. Unachora kwenye ubapa, mchoro unatokea kwenye kioo. Nilipoliona ua langu la kwanza likitokea humo nilicheka peke yangu kama mwehu. Tukafungua duka. Nikachora kadi za harusi, mabango, picha za kufundishia watoto wa chekechea, na sura za marehemu kutoka kwenye picha ndogo za vitambulisho.

Sasa niwaeleze tulivyokaa, maana ugonjwa wote umo humo. Meza tuliipata kwa fundi cherehani aliyehama. Ilikuwa meza ya kukatia vitambaa, ndefu na ya juu, ya mtu anayefanya kazi amesimama. Kiti kizuri kilikuwa kimoja. Hamisi alikiokota kwenye mnada, ofisi moja ya mkonge ilipofungwa. Kilikuwa na egemeo, mikono miwili na mto. Chombo kingine cha kukalia kilikuwa benchi fupi la mbao.

Hakuna aliyeuliza nani akae wapi. Kwetu Kwaluguru kulikuwa na kiti kimoja chenye egemeo, na kiliitwa kiti cha wageni. Baba yangu, mwenye nyumba na mwenye mji, alikaa kwenye kigoda mgeni alipokuja, na sisi watoto tulikaa mkekani. Mtoto aliyekutwa kwenye kile kiti hakupigwa. Alitazamwa tu, na kutazamwa na baba yangu kulitosha. Kwa hiyo dukani kiti kizuri kilikuwa cha mteja, na mimi nilikaa kwenye benchi, pembeni ya meza.

Na kioo cha kompyuta nacho kilimtazama mteja. Watu wetu hawapendi kazi inayofanyika kwa kificho. Mtu ametoka Lutindi ameshuka mlima kuja kuagiza kadi ya harusi ya mwanawe, anataka kuona jina la marehemu babu likiandikwa, herufi kwa herufi, na ua likikaa pale alipolitaka. Nikamgeuzia kioo. Mimi nilikitazama kwa upande, shingo imepinda kushoto, huku kibao kikiwa kulia kwangu, kwenye ukingo wa meza, juu karibu na kwapa. Nilichora hivyo kutwa nzima. Umeme ulipokatika nilipumzika, na uliporudi nilifidia.

Kwanza lilianza bega. Lilikuwa zito, la kawaida, kama la mtu aliyebeba ndoo. Baadaye shingo ikakataa kugeuka kulia. Nikiitwa kutoka upande huo niligeuka mwili mzima. Kisha ganzi ikaja kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Niliamka asubuhi mkono umevimba kwa hisia, ingawa kwa macho haukuvimba, nikautikisa hadi damu irudi. Hamisi alidhani nafukuza mbu.

Nilikwenda kwenye zahanati. Mganga aliniuliza, "Unafanya kazi nzito?"

"Sifanyi. Nachora."

"Unachora tu?"

"Nachora tu."

Aliandika dawa ya maumivu na mafuta ya kuchua, akasema nipumzike kulima. Nilikuwa sijashika jembe tangu niolewe.

Mama mkubwa wangu anayeishi Mkata alinichua kwa mafuta ya nyonyo. Aliusaga mkono kutoka kiwiko hadi kwenye kucha mpaka machozi yakanitoka. Ulipoa kwa siku kadhaa, nikarudi kwenye benchi, nao ukarudi ulikokuwa. Ndipo aliposema nimetupiwa kitu na wenye maduka ya jirani. Wifi yangu alikuwa na maelezo mafupi zaidi. "Anakaa kivulini kutwa nzima, anashika kikalamu. Anaumwa nini?" Hilo liliniuma kuliko kusagwa, kwa sababu hata mimi sikuwa na jibu.

Hali ikawa mbaya. Nilishindwa kufunga vifungo vya gauni la binti yangu. Mwiko ulinidondoka kwenye sufuria ya ugali. Siku moja nilimpa mteja kikombe cha chai, vidole vikakiachia bila kuniuliza, chai ikammwagikia mapajani. Aliondoka na hakurudi. Halafu mistari yangu ikaanza kutetemeka. Nilichora sura ya marehemu mmoja, mjane wake akaitazama kwenye kioo muda mrefu, akasema kwa upole, "Huyu anafanana na mdogo wake." Nilitoka nje nikalia nyuma ya duka. Nilikuwa naogopa. Nyama iliyo chini ya kidole gumba ilikuwa imeanza kubonyea, na mkono ule ndio pekee nilioujua kwamba unaweza kitu.

Hamisi alinipeleka hospitali moja ya mbali kidogo, huko milimani. Daktari alinigonga kwa kidole kwenye kifundo cha mkono, nikasikia shoti hadi kwenye ncha za vidole. Akabonyeza ile nyama iliyopungua.

"Mshipa wa fahamu umebanwa," alisema. "Ukiendelea kubanwa, nyama hii itakwisha na haitarudi. Huenda tukapasua kiganja. Lakini kwanza nenda kwa mama wa mazoezi."

Mama wa mazoezi alikuwa Mshambaa wa makamo, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Hakunigusa. Katika chumba chake kulikuwa na meza, kiti chenye egemeo na kistuli. Alisema, "Kaa hapo mezani kama unavyokaa kazini, nikuone."

Nilivuta kistuli nikakaa pembeni ya meza. Kile kiti nikamsogezea yeye.

Hakukaa. "Kwa nini umechukua kistuli?"

"Kiti ni chako, mama."

"Sikuulizi habari zangu. Kazini unakaa wapi?"

"Kwenye benchi."

"Hamna kiti?"

"Kipo. Ni cha mteja."

"Na kioo cha kompyuta kinatazama wapi?"

"Kinamtazama mteja."

Aliniambia nichore hewani. Nikapinda shingo kushoto, nikainua bega la kulia, nikanyanyua kiwiko na kukunja kiganja, vile mwili ulivyozoea. Akaniacha katika hali hiyo na kuzunguka meza kunitazama kila upande. Nadhani hakuna aliyewahi kuitazama kazi yangu bila kutazama kioo.

"Mshipa wa vidole hivi unaanzia shingoni," alisema, na kidole chake kikafuata njia. "Unapita begani, kiwikoni, unaingia kwenye mlango huu mwembamba wa kiganja. Wewe umeubana juu na umeubana chini. Mwanangu, kiti umempa mgeni na kioo umempa mgeni. Ulibakiwa na mkono, na huo nao unaondoka."

Hakucheka, nami sikucheka. Nilihisi aibu, kisha nikahisi nafuu kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amenipa sababu.

Alinipa kishikizo kigumu cha kufunga kiganjani ninapolala, na mazoezi: kurudisha kidevu nyuma, kushusha mabega, kunyoosha mkono na kuinamisha vidole taratibu bila kulazimisha maumivu. Akasema hayo yote ni bure nikirudi kwenye lile benchi.

Hamisi alikwenda kwa seremala ili akate miguu ya meza. Seremala aliipapasa, akasema meza ya mninga haikatwi miguu, na hakukubali kwa bei yoyote. Basi tukaiacha meza, tukaninyanyua mimi. Kiti cha mgeni kikawa changu. Juu yake tuliweka mito ya sufi mpaka viwiko vyangu vikawa sawa na ubapa wa meza, mabega yakiwa yameshuka. Miguu ikaanza kuning'inia, na Hamisi akasukuma kreti tupu la soda chini yake. Kioo alikigeuza kinitazame usoni, umbali wa mkono ulionyooshwa, akakiinua kwa matofali mpaka ukingo wake wa juu ukalingana na macho. Kibao kikakaa mbele ya tumbo langu, si ukingoni tena. Kalamu ilikuwa nyembamba, ikinifanya niibane, kwa hiyo aliizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Tangu hapo naishika kama ninavyoshika yai. Na kwa kuwa mtu anayechora hujisahau, nilijiwekea kwamba basi la Handeni likipiga honi barabarani, nasimama, natembea hadi mlangoni, na kurudi.

Benchi tuliliweka nyuma yangu. Mteja alikaa hapo na kutazama kioo juu ya bega langu.

Wateja hawakupenda. Mmoja aliniambia siku hizi nimekuwa bosi. Mzee mmoja mfugaji, aliyekuja kuagiza bango, alisimama na fimbo yake, akatazama kiti, akanitazama mimi, kisha akamuuliza Hamisi kama mke wake anaumwa miguu. Hamisi akamwambia naumwa mkono. Mzee akatazama mkono, akaona mzima, akakaa kwenye benchi kwa shingo upande. Niliwaeleza wote, na nilichoka kueleza. Ila ganzi ilianza kutoka. Kidole cha kati ndicho kilichotangulia. Nikafunga tena vifungo vya binti yangu, vibaya, lakini nikavifunga.

Kisha baba akaja.

Alikuja kutoka Kwaluguru na mfuko wa mahindi mabichi, bila taarifa, kama ilivyo desturi yake. Nilimwona mlangoni, na kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimesimama. "Shikamoo, baba." Nikasogeza kreti na kushikilia mito ili asiteleze. Alikaa kwenye kiti, akaweka kofia yake juu ya goti, akatazama duka akiwa ameridhika kabisa. Nami nikamgeuzia kioo na kurudi kwenye benchi, pembeni ya meza, kwa sababu kulikuwa na kadi za harusi zilizokuwa zikisubiriwa.

Alikaa tangu asubuhi. Aliuliza habari za kila ua nililochora. Hamisi alinikonyeza, nikajifanya sioni. Nilikuwa radhi kupoteza kidole kuliko kumwambia baba yangu ainuke. Ilipofika mchana maumivu yalikuwa yamerudi begani na ganzi ilikuwa imeshafika kwenye gumba. Nilipomletea chai nilikishika kikombe kwa mikono miwili, kama mtoto.

"Mkono una nini?" aliuliza.

Nikasema haukuwa na kitu. Hamisi ndiye aliyesema. Alieleza yote, hospitali, nyama iliyobonyea, benchi na kioo, na alieleza kwa adabu, akitazama chini. Baba alisikiliza hadi mwisho. Akauomba mkono wangu, akauweka juu ya goti lake, akapitisha kidole chake cha mkulima pale palipobonyea. Nilidhani nimemwaibisha mbele ya mkwewe, na nilitamani Hamisi angenyamaza.

"Kiti hiki ni cha nani?" aliuliza mwishowe.

"Cha mgeni, baba."

"Na mimi nimekuwa mgeni wa mwanangu tangu lini?"

Akachukua kofia yake, akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi. Aliketi wima kabisa, kama alivyokuwa akikaa kwenye kigoda wageni walipokuja kwetu. Akasema, "Chora, naona vizuri hapa."

Nilikaa kwenye kiti, nikaweka miguu juu ya kreti, nikachora. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, kwa kuwa alikuwa nyuma yangu.

Mkono umerudi, na hakuna aliyenipasua. Ncha ya kidole gumba bado haisikii sawasawa, na siku za baridi bega hunikumbusha. Namshukuru Mungu, namshukuru mama wa mazoezi, namshukuru Hamisi na matofali yake. Wewe unayechora au kuandika kwa kompyuta kutwa nzima, usisubiri kikombe kidondoke. Shusha mabega. Kiweke kioo mbele ya uso wako, na miguu yako ipate pa kukanyaga. Ganzi ikija mara ya pili, nenda hospitali, na ukifika huko waoneshe unavyokaa, usioneshe mkono peke yake.

Nasi tupo bado, pale pale kando ya barabara. Ukija na kazi yako utakuta nimeketi kwenye kiti chenye egemeo, na sitasimama kukupisha. Benchi lipo nyuma yangu. Usikasirike kukaa hapo, maana baba yangu alikaa.