Kamba za Mama Mfuaji

Kila Jumatatu Mwanaima alimpelekea maji mama aliyefua jezi za klabu ya mpira pale kambi ya mradi wa karanga, Nachingwea, na kila Jumatatu macho yake yaliganda kwenye mikono ya yule mama. Ilikuwa mirefu, imekunjamana kwa sabuni, na haikujua kutulia. Kabla ya kuanika jezi aliirusha juu akaidaka, kama wanawake wanavyorusha mchi hewani wakitwanga, wakapiga kofi, wakaudaka kabla haujarudi kinuni. Hivyo hivyo aliwafundisha wasichana kuudaka ule mpira wa Waaustralia wenye umbo la yai. "Usiukimbilie, mwanangu. Ungoje huko huko juu," alisema, kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Mwaka wa kwanza wa mafunzo hayo jezi za wanawake waliocheza zilijaza nusu kamba. Sasa zilijaza kamba tatu, na za wachezaji wa kijiji cha Nanganga zilikuwa bado hazijafika.

Jumatatu moja katibu wa klabu alikuja kumwambia mama kwamba uwanja ni wa wanaume tu. Hajamaliza, mpira uliopigwa na mafundi wa matrekta ukapaa juu ya paa la stoo, ukawa mdogo kama kunguru, ukaanza kushuka. Wanaume watatu wakaja mbio, wakaruka. Mama mfuaji, mjukuu mgongoni, akapiga kofi moja, akanyoosha mikono, akauchukua juu ya vichwa vyao. Mtoto hakuamka. Mwanaima alisahau kwamba ana debe la maji kichwani.

Mama akaufuta mpira kwa pindo la kanga, akamkabidhi katibu. "Samahani, baba. Ulikuwa unasema?"

Katibu alibaki ameushika. Mama alikwisharudi kwenye nguzo, anafunga kamba ya nne.