Daktari Alisema Hakuna Haraka

Jina la dada huyu tunalo, tumelificha kama alivyoomba. Wasomaji, msomeni kwa moyo.

Bwana Mhariri na wasomaji wote wa ukurasa huu, mimi ni msichana wa miaka ishirini, sijaolewa. Nafundisha watoto wa darasa la kwanza katika shule ya misheni huku milimani Usambara, si mbali na Malindi ya huku huku juu, si ile ya pwani. Mwandiko wangu mbaya mnisamehe. Katika ukoo wetu mzima mimi peke yangu ndiye ninayejua Kiingereza, na nilikuwa nikiringa nacho, sitaki kuwadanganya. Wageni wakija Baba huniita: "Hebu sema kidogo wasikie." Nami nasema, watu wanapiga makofi. Leo natamani ningebaki na Kishambaa changu tu.

Mama yangu anaumwa tumbo tangu mvua za vuli. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali, akalazwa. Daktari ni Mwingereza, mtu mpole sana. Siku moja akaniita mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mkalimani wa Mama, akazungumza polepole nimwelewe. Alisema Mama ni mwanamke hodari. Twende naye nyumbani, akapumzike kwake. Ale chochote anachokipenda. Dawa aliyotupa itamtuliza maumivu, na ikiisha tutume mtu akachukue nyingine. Nikamwuliza tumrudishe lini. Akatabasamu, akasema hakuna haraka.

Hakuna neno hata moja lililonipita. Nilitoka nje nusura nicheze ngoma. Baba na wajomba zangu walikuwa wamekaa kwenye majani wakisubiri, wakasimama wote. Nikawaambia, "Mama anapona! Daktari anasema aende nyumbani, ale anachotaka, na kurudi si lazima!" Baba akanishika kichwa akanibariki. Wabeba machela waliimba njia nzima. Tulipofika tu, Baba akampa ujumbe dereva wa lori la mboga amfikishie kaka yangu, anayekata mkonge huko chini Korogwe, kwamba asihangaike kuja, Mama ni mzima.

Lakini Mama hakunawiri. Alikuwa akimenyewa peasi anakula kipande, zilizobaki anawagawia watoto wa jirani. Nikajipa moyo kwamba nguvu hurudi polepole. Nikaenda kwa Bibi Mkuu wetu wa shule, naye ni Mwingereza, kuomba ruhusa ya kutoka mapema niwe nampikia Mama. Nikamsimulia kwa furaha maneno ya daktari, kwa Kiingereza kile kile nilichokisikia. Akaweka kalamu chini. Akainuka, akanivutia kiti. Wasomaji, tangu nianze kazi pale nilikuwa sijapata kukaa katika chumba kile, hata nilipokuwa na homa nilisimama. Kisha akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Nikamwuliza, "Bibi, maana yake Mama hatapona?"

Akatazama dirishani. "Daktari yule ni mtu mwema sana," akasema.

Nikasubiri aendelee. Akasema nisije shuleni kwa sasa, darasa langu atalishika yeye. Hapo nikaelewa, au labda niseme hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwamba nimeelewa. Sisi ukiulizwa habari za nyumbani utajibu njema hata kama maiti imo ndani, halafu ndipo utasema kuna msiba. Wenzetu Waingereza wanasema njema, wakaishia hapo hapo, na mengine unaachiwa uyatafute mwenyewe.

Tangu siku ile sina raha. Mama akilala mchana nasogea karibu nihakikishe anapumua. Nikimwambia Baba, halafu ikawa nimekosea tena, nitakuwa nimemlilia mama yangu akiwa hai, na kwetu huo ni uchuro. Nikinyamaza, kaka yangu atakuja kuonyeshwa kaburi.

Juzi nilikuwa nampaka Mama mafuta miguuni. Akaniuliza, "Mwanangu, yule Mzungu alisemaje? Usinieleze maana. Nipe maneno yake."

Nikampa neno kwa neno, kwa Kishambaa. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika pale pa hakuna haraka, akanishika mkono.

"Haya," akasema. "Baba yako usimwambie. Mwache na furaha yake."

Machozi yakanitoka. "Na kaka je, Mama?"

Akageukia ukutani. "Kaka yako asijisumbue. Kazi ni kazi."

Sasa nisaidieni, maana hapa hakuna Kiingereza, ni mama yangu mzazi na lugha aliyoninyonyesha nayo, na bado sijui alichosema. Kwetu mgeni akisema msijisumbue kupika, mwenye nyumba anakimbilia jikoni. Mama mwenyewe, kila kaka alipotuma habari kuwa anakuja, alikuwa akisema asijisumbue, kisha anashinda mlangoni akiitazama njia. Lakini namjua vilevile kwamba akikataza amekataza. Na kaka ana mke na watoto wadogo. Akiondoka shambani kabla ya kumaliza siku zake, nafasi yake atapewa mwingine.

Lori la mboga hushuka Korogwe kila Jumamosi, na kila Jumamosi dereva hunipitia kuuliza kama nina neno la kumpelekea kaka. Jumamosi iliyopita nilitoka nimeamua kusema. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitika, akaniuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Nikasema, "Hajambo. Msalimie sana kaka."

Nilimkazia macho, nikiomba Mungu dereva ayasome yale ambayo mdomo umekataa kuyatoa. Akashukuru, akawasha lori, akaenda zake.

Enyi mliokwisha kuwazika mama zenu, na ninyi ambao mama zenu bado wapo, nawasihi mnijibu upesi. Nimtii Mama, au nimwite kaka? Jumamosi inakuja, na nikiulizwa tena naogopa nitajibu vile vile.