Kijiji cha Shangazi Mokami Juu ya Mto Mara

Shangazi yangu Mokami alizaliwa mlimani, juu ya Mto Mara, katika kijiji kilichozungukwa na ukuta wa mawe. Wazee waliujenga kuzuia wezi wa ng'ombe. Asubuhi wanawake walishuka mtoni na mitungi, na aliyebaki juu aliweza kuwaita kwa majina wakamsikia.

Mwaka 1974 tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, kule tambarare, kando ya barabara. Nyumba zilipangwa kwa mistari. Shule ilikuwa karibu, zahanati karibu. Shangazi hakuyabeza hayo. Ila kila jioni alikaa akiutazama mlima, barabara kaipa mgongo.

Miaka mitatu baadaye akaja Mfaransa mmoja, Pascal, fundi wa visima, akapewa chumba kwetu. Siku moja alimwonyesha shangazi picha ya kwao: nyumba za mawe zimebanana juu ya kilima, mto ukipita chini.

"Kijiji chetu kina miaka mia saba," alisema. "Watu wanatoka mbali kuja kukitazama."

Shangazi aliishika picha kwa mikono miwili. "Ninyi mlihamishwa lini?"

"Hatukuhamishwa, mama. Mama yangu bado anaishi pale."

Shangazi alimrudishia picha. Kisha akasema, "Jumapili baada ya misa nitakupeleka kwetu."

Tulipanda watatu. Paa za nyasi zilikuwa zimeanguka, magugu yamefika kifuani, lakini ukuta ulisimama. Kwenye lango shangazi alisita, akapiga hodi. Hakuna aliyecheka. Akatutembeza nyumba kwa nyumba: hapa kwa Nyangwine, aliyepiga litungu, ala yetu ya nyuzi, mavuno yakiisha, hapa ghala la wimbi, hapa yeye alipomzaa mwanawe Kisyeri. Pascal alivua kofia, akagusa mawe, akauliza nani aliyapanga hivyo bila saruji.

"Babu yangu," shangazi alijibu, na ndipo machozi yakamtoka. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ile ya kuhama.

Tangu hapo, kila baada ya mavuno aliongoza wanawake wenzake kwenda kufyeka. Mwenyekiti wa kijiji alinung'unika mwanzoni, mwishowe naye akapanda, akatuonyesha ilipokuwa nyumba ya baba yake.

Miaka baadaye, ruhusa ya kurudi mlimani ilipopatikana, familia mbili zilirudi. Shangazi alibaki, magoti yalishachoka, na wajukuu walikuwa shuleni. Aliwapa waliorudi mbegu za wimbi, akawaambia wazipande upande wa mtoni, kwenye udongo mweusi.