Bega Kavu la Babu

Babu yangu mzaa mama alibatizwa mara mbili. Habari za mara ya pili nilisimuliwa na mama, ambaye siku hizo alikuwa binti wa miaka kama kumi, na alikuwa miongoni mwa waliobeba maji. Sasa ni mzee, anaishi nami hapa Mkomaindo, na akisimulia hatabasamu hata kidogo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, kijijini kwao Newala, juu mlimani. Kanisa lililokuwapo lilikuwa la Kiprotestanti, ingawa mapadri wake walinuna wakiitwa hivyo. Walichoma ubani, walivaa majoho ya kung'aa, na mtoto walimbatiza kwa maji ya kujaa kiganja. Babu alilipenda kanisa hilo mpaka siku padri alipomchagua jirani yake kuwa mpiga kengele. Wiki ileile babu akagundua kwamba ubani unapingana na Maandiko.

Bahati yake, akapanda mlima mwalimu mgeni, Mprotestanti wa kundi jingine, mwenye kaptula na Biblia ileile. Huyu alifundisha kwamba kunyunyiziwa si kubatizwa. Lazima mtu azamishwe mwili mzima, kama Bwana Yesu pale Yordani. Babu akaamini papo hapo. Tatizo lilikuwa dogo tu: Newala haina Yordani. Maji miaka ile yalichotwa kwenye chemchemi ya bondeni, unaondoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini.

"Tutachimba shimo," mwalimu akasema. "Kisha tutalijaza."

Wanaume walichimba asubuhi moja, wakalikandika kwa udongo, wakaenda kupumzika. Hapo "tutalijaza" ikageuka kuwa wanawake. Siku tatu bibi, mama na wenzao walishuka na kupanda na mitungi kichwani, na kila walipomimina, ardhi nayo ikanywa. Shingo ya bibi ikavimba. Babu hakumwacha peke yake. Alimtia moyo akiwa barazani.

"Vumilia, mama watoto. Hii ni kazi ya Mungu."

"Mbona Mungu mwenyewe kazi zake anawapa wanawake tu?"

Jumapili mwalimu akaingia shimoni. Maji yakamfika magotini. Babu alikuwa wa tano kwenye foleni, na wanne waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka na maji mengi kwenye nguo zao. Ikabidi alazwe ubavu, agandamizwe. Akainuka na tope hadi kwenye nyusi, lakini bega la kushoto lilikuwa kavu, na vumbi lake juu.

Wazee wa kundi wakakaa kikao hapohapo. Je, mtu akizama isipokuwa bega, amebatizwa? Walibishana mpaka tope likaanza kumkaukia babu mwilini. Mwisho mwalimu akamgeukia bibi.

"Mama, mngeongeza mitungi kama ishirini hivi, tukamaliza jambo hili."

Bibi akaitoa ngata ya kubebea mtungi kichwani, akaiweka chini mbele ya mwalimu.

"Baba mwalimu, kule kwa padri kata moja ya maji inabatiza watoto watatu, na inabaki ya kunawa. Mimi ni wa kule."

Akaondoka na mama. Kikao kikaamua bega lisamehewe.

Watu wenye elimu wameandika vitabu vinene kueleza kwa nini Waprotestanti waligawanyika. Bibi alitumia mtungi tu.

Mimi nilizaliwa baada ya uhuru, nikakuta vita vinaendelea. Likizo nikitoka kwetu Chiwata, Jumapili niliwaona babu na bibi wakitoka mlango mmoja na kushika njia mbili. Wakirudi, babu alikaa mbali na bibi, akisema nguo zake zinanuka ubani wa Roma. Hakuwahi kuvuka hata Mto Ruvuma, lakini harufu ya Roma aliijua. Chakula kikiiva, pua ilipona.

Alipofariki, makundi yote mawili yalifika kumzika, kila moja likidai marehemu ni wake. Walibishana juu ya msalaba, juu ya ubani, juu ya nani atangulie kuomba. Bibi akawaambia kutoka mkekani, "Ombeni nyote. Mungu atajua mwenyewe amsikilize nani."

Wakaomba nyote, kwa urefu wa kushindana. Halafu ukaimbwa wimbo ambao sauti yake ni moja lakini maneno ni tofauti, kila kundi na kitabu chake, kila kundi likipaza ili la pili limezwe. Wachimba kaburi walikaa chini kusubiri.

Nilikuwa kando ya bibi. Niliona midomo yake inacheza, nikainama kusikiliza. Alikuwa akiimba maneno ya upande wa babu, ubeti baada ya ubeti, bila kitabu.

"Bibi, umejifunza wapi hayo?"

"Alikuwa akiyaimba shambani tukipalilia mikorosho," akasema. "Mimi nilikuwa namwitikia."

Akajifunika uso kwa kanga, akalia.